Msinipe Kitu Chekundu

Kabla sijakuambia ule nini, nikuambie kwanza nani asikulishe.

Naandika kwa ajili yako uliyetapika damu jana au juzi, na sasa umelala wodini unatazama dari huku watu wakinong'ona kwenye korido. Wamekuambia ni mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula na kwenye tumbo, na kwamba ikipasuka tena unaweza kwenda. Ya madaktari waulize madaktari. Mimi nitakueleza niliyoyapitia hapa Likasi, na nitayaeleza kwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyonitoa kitandani. Maombi yalikuwapo, sikatai. Lakini kila asubuhi nilipofumbua macho, wa kwanza kumfikiria alikuwa wifi yangu, nikasema moyoni: leo sifi, nikifa huyu atakuwa ameshinda.

Naitwa Mama Nadège, kwa jina la binti yangu mkubwa. Nakaa mtaa wa Kikula. Nililima mboga kando ya kijito upande wa Buluo, miguu ndani ya maji tangu ujana, na nikaziuza sokoni. Pombe sijawahi kuionja. Baba yangu aliuawa na lutuku, ile pombe kali inayopikwa majumbani, na siku tuliyomzika niliapa kwamba haitapita mdomoni mwangu. Hata kwenye harusi yangu nilikunywa sucré, maana ndivyo tunavyoita soda huku kwetu.

Ugonjwa ulianza polepole. Tumbo likajaa upande wa kushoto, miguu na mikono ikabaki vijiti. Wanawake sokoni walinicheka: "Mama Nadège, weye uko na mimba tena? Na ile miaka yako?" Nilicheka nao. Nilifungua vifungo vya blauzi, nikashona kitenge upya, nikaendelea kumwagilia. Mvua za kwanza zilipoanza, siku moja mchana, kichwa kilinizunguka, nikahisi kitu cha moto kinapanda kifuani. Nilitapika juu ya mafungu yangu ya lengalenga, mchicha wetu. Ilikuwa damu tupu. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu mezani alivua kitambaa chake cha kichwa akanifuta mdomo, na mpaka leo sijamrudishia kitambaa hicho kwa sababu hakikufaa tena kwa kitu chochote.

Ukilazwa huku kwetu hulali peke yako. Muuguzi anakupa dawa na sindano, lakini wa kukugeuza, kukuosha, kukulisha na kumwaga choo chako ni mtu wa nyumbani, garde-malade. Maisha yako yako mikononi mwake kuliko mikononi mwa daktari. Kwa hiyo sikiliza vizuri: garde-malade wako usimkubali kwa kuwa ana nafasi. Mkubali kwa kuwa anakupenda.

Wangu alikuwa Yaya Véro, dada mkubwa wa mume wangu. Ni mjane, watoto wake wameshaoa, na ni présidente wa akina mama katika shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa. Nadège alitaka kubaki nami, lakini alikuwa na mtoto wa kunyonya. Mume wangu, Papa Nadège, alisema: "Yaya atabakia. Yaya anajua mambo ya bagonjwa." Mume wangu ni karani, mtu mpole, hajawahi kuinua sauti mbele ya dada yake. Nilikuwa dhaifu, sikubisha.

Muuguzi wa wodi, Madame Astrid, alimwita Véro kando ya kitanda changu akamfundisha mbele yangu. Kichwa changu kiwe juu kidogo. Nikitapika anigeuze ubavu, nisije nikakabwa. Nisinyanyue kitu, nisijikamue chooni. Chakula kiwe kilaini na kilichopoa, hakuna samaki wenye miiba, hakuna bukari ya moto, ule ugali wetu, hakuna mahindi ya kuchoma. Hakuna vidonge vya kichwa vya barabarani. Choo akitazame kabla ya kumwaga, kikiwa cheusi kama lami amwite. Kisha akainua kidole kuhusu vitu vyekundu.

"Na kitu ya rouge, hapana. Tomate, betterave, sucré ya rouge, byote hapana. Kama anatapika nataka nione ni damu ao haina damu. Umesikia, maman?"

"Nimesikia, madame. Minye haina mutoto."

Alisikia. Nataka ukumbuke kwamba alisikia.

Siku zile za mwanzo nililala nikiwa na bomba mkononi na damu ya kaka yangu ikiingia tone kwa tone. Watu walikuja kunitazama. Pazia lilikuwa jembamba, na sauti ya Véro ni ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo. "Njo lutuku," aliwaambia wageni. "Alikuwa anaficha. Ona ile tumbo." Kikula tumezika walevi wengi wenye tumbo la namna ile, kwa hiyo waliamini papo hapo. Walipita pazia wakiwa wamebana midomo, wakanishika mkono kwa vidole viwili.

Kisha akawaleta akina mama wa shirika. Waliimba, wakasali, na katikati ya sala Véro akainama juu yangu, mimi wifi yake. "Belle-sœur, ungama. Sema mbele ya bamama kama ulikuwa unakunywa, ili maombi ifike."

"Sikunywake, yaya."

"Mungu iko anaona."

"Anaona, ndiyo. Njo ile nasema sikunywake."

Mmoja wao alikohoa. Wakafunga sala haraka wakaondoka, na ndivyo habari ilivyotembea: Mama Nadège amekataa kuungama. Niligeukia ukutani nikalia. Nililia kwa uchungu wa kuitwa jina la kitu kilichomuua baba yangu.

Sasa nifike penye kiini. Huku kwetu, mtu akipungukiwa na damu, watu humtengenezea damu. Wanachukua tomate ya kopo, wanaikoroga na maziwa na sucré nyekundu mpaka inakuwa nzito, na mgonjwa anakunywa. Nimeona watoto wakinyweshwa, wazazi wakinyweshwa, mimi mwenyewe nilimnywesha Nadège alipojifungua. Sisemi ni dhambi. Nasema Madame Astrid alikataza na sababu akaieleza.

Asubuhi moja Madame Astrid akiwa amekwenda kwenye mkutano wa wauguzi, Véro alitoa thermos mkobani. Nilinusa tomate kabla hajafungua vizuri. Nilimwambia: "Yaya, balikataza." Akasema: "Bale beko bazungu ba mu kitabu. Shiye tunajua damu inatoka wapi." Akanilisha vijiko viwili. Nilimeza kwa sababu sikuwa na nguvu ya kufunga mdomo, kisha nikageuza kichwa na kilichobaki akakirudisha kwenye thermos.

Jua halijafika juu, nikahisi tena ule moto kifuani. Safari hii ilitoka kwa nguvu. Beseni likajaa. Muuguzi wa zamu, kijana ambaye hakunijua, alikuja mbio, na Véro akamwambia kwa sauti tulivu kabisa: "Haina kintu, mon fils. Ni tomate. Nilimukunywesha tomate."

Yule akatazama beseni, akaona wekundu, akanusa tomate. Akasema sawa, asipewe tena. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito, masikio yanalia, vidole vya miguu vimekuwa baridi. Nilimtazama Véro na yeye akanitazama. Vijiko viwili havijazi beseni. Alijua hilo kama ninavyolijua mimi. Lakini akisema ni damu, wangemuuliza alinipa nini, na présidente hapendi kuulizwa. Akachukua beseni, akaenda kulimwaga, akarudi nalo safi, akakaa na kutoa rozari. Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia katika dakika zile, na wala sikujua kama nitaishi ili niendelee kumchukia.

Aliyeniokoa ni mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi mmoja wa Kambove mwenye mguu uliovunjika. Madame Astrid aliporudi, bibi yule alipiga kelele toka kitandani: "Madame! Ule maman anakufa, na ule mwengine anasali tu!" Madame Astrid alivuta kope langu la chini, akashika mkono wangu, akauliza beseni liko wapi. Véro akasema limeoshwa. Sitasahau jinsi Madame Astrid alivyoanza kupiga mbio. Vitu vingine vyote sikuviona, nilisimuliwa: daktari, bomba la puani, damu nyingine iliyotafutwa mji mzima. Niliamka nikakuta Nadège amekaa pembeni na mtoto wake mgongoni, na Véro hayupo. Madame Astrid alikuwa amemfukuza wodini. Ilikuwa zawadi yangu ya kwanza.

Nadège alinihudumia kwa namna ambayo nawaombea wote mpate. Uji aliupoza kwa kuumimina toka kikombe hiki kwenda kikombe kile, tena na tena, akaujaribu kwenye mkono wake kama maziwa ya mtoto. Alinipaka mafuta miguu iliyopasuka. Aliniambia ukweli kuhusu choo changu kila alipokitazama, kikiwa cheusi alisema cheusi. Kama una mtu wa namna hii, usimwonee aibu. Mwonyeshe kila kitu kinachotoka mwilini mwako.

Kisha majibu ya vipimo yakaja: bilharzia. Daktari aliwaita watu wa familia akawaeleza kwamba mdudu wa kwenye maji aliingia kupitia ngozi ya miguu yangu, miaka mingi, akaharibu ini, na mishipa ikavimba. Si pombe. Akasema pia kwamba damu imesimama kwa sasa tu. Lazima nipelekwe Lubumbashi nikafungwe mishipa ile kwa mipira midogo, kupitia mdomoni, na nisichelewe, kwa sababu mara ya tatu huenda isingesimama.

Familia ya mume wangu ikafanya kikao nyumbani kwetu. Nadège alikaa kwenye kikao hicho na ndiye aliyenisimulia. Véro alisema: "Maji ao lutuku, yote ni ya kunywa. Batamufunga leo, kesho atakunywa tena, itapasuka tena. Tungoje kwanza aungame." Wazee wakatikisa vichwa. Wakamgeukia mume wangu. Neno lake moja lingetosha, kwa maana ni mke wake. Alitazama mikono yake akasema: "Tungoje yaya aone."

Tungoje. Mimi nikiwa na mishipa ya kupasuka kooni.

Nadège alitoka kwenye kikao bila kuaga akampigia kaka yangu wa Kambove, yule aliyenitolea damu. Kesho yake asubuhi kaka alifika hospitalini na gari la kazini, godoro limetandikwa nyuma. Hakumuuliza mtu wa familia ile ruhusa. Madame Astrid alimkabidhi Nadège karatasi za daktari na ndoo, akaniwekea mto chini ya kichwa, akanisogelea sikioni: "Maman, enda. Urudie hapa na miguu yako." Njia nzima nililala ubavu nikihesabu mashimo ya barabara kwa meno.

Lubumbashi nilijifunza kungoja. Kuna benchi moja ndefu mbele ya mlango, na wote mmefunga kula, na mnatazamana matumbo. Hakuna anayeuliza mwenzake amepatwa na nini, kila mtu anajua. Mama mmoja nisiyemfahamu alinipa shali yake kwa sababu nilikuwa natetemeka, akaingia ndani kabla yangu, akatoka akiwa amelala, na shali ikabaki nami. Kufungwa mishipa si kubaya kama utakavyoambiwa. Ubaya ni baadaye, kifua kinauma kama umemeza kokoto, na siku kadhaa ni vyakula vya maji na vya baridi tu. Vumilia. Usiibe hata tonge moja la bukari. Nilikunywa pia vidonge vikubwa vya bilharzia, vichungu, vilivyonizungusha kama mlevi, na nilicheka peke yangu nikifikiri Véro angefurahi kuniona hivyo.

Mara ya kwanza ya mipira ilikuwa wakati wa maembe, na maembe niliyanusa tu. Ya pili ilikuwa wakati wa uyoga, nikala mchuzi wake bila chumvi. Ya tatu ilifika na kiangazi, ambacho huku kwetu ndicho chenye baridi, na daktari akatazama akasema mishipa imelala. Tumbo lilipungua. Mashavu yakarudi. Sokoni nilirudi pia, lakini bustani ya kijitoni nimeiacha, na mboga nanunua kwa wengine. Wateja ndio hawakurudi. Walipita mezani kwangu wakinunua kwa jirani, kwa sababu nani anataka lengalenga ya mlevi? Ini langu limepona kiasi chake. Jina langu lilikuwa bado linatapika damu.

Sikukuu ya parokia ilipokaribia, padri alimwambia Véro kwamba hataongoza akina mama kwenye sikukuu bila kupatana nami. Basi akaja. Alikuja na akina mama watatu wa shirika kama mashahidi, na kuku, na unga. Alipiga magoti vizuri, hilo anajua kulifanya.

"Belle-sœur, kama kuko fasi nilikosea, unisamehe."

Kuku nilimpokea. Unga niliupokea. "Msamaha bado," nilimwambia.

Akina mama wakashtuka. Mmoja akaanza kunikumbusha Baba Yetu. Nilimwambia Baba Yetu naijua, na sala hiyo haisemi lini.

"Unataka nini?" Véro akauliza.

"Weye ulipita nyumba kwa nyumba ukasema nakunywa lutuku. Sasa tutapita. Weye na minye. Kila nyumba ya shirika. Utasema na ile mudomo yako kama ilikuwa bongo. Na kama minachoka nitaikala. Kiti utabeba weye."

Aliposikia neno bongo, yaani uongo, alitazama wenzake. Hakuna aliyemtetea, sikukuu ilikuwa Jumapili.

Tulitoka Jumamosi asubuhi. Véro mbele na kiti cha plastiki kichwani, mimi nyuma taratibu, nimevaa kitenge kipya. Namshukuru Mungu kwa ugonjwa uliofanya nitembee polepole. Nyumba ya kwanza alisema: "Tulisemaka Mama Nadège anakunywa..." Nikamkatiza: "Sema minye." Akaanza upya. "Minye nilisemaka. Ni bongo. Hakunywake." Nyumba nyingine wakasema, "Ah, ile mambo tulisahau." Nikawaambia waikumbuke kidogo asikilizwe. Kwa mama mmoja aliyeacha kununua kwangu nilikaa kwenye kiti muda mrefu, nikaomba maji, nikamwomba Véro arudie kwa sababu mume wa mwenye nyumba alikuwa chooni mara ya kwanza. Jasho lilimtiririka. Watoto walitufuata. Unaniuliza kama niliona huruma? Sikuona. Nilijisikia vizuri kuliko siku ile daktari aliposema mishipa imelala, na sitakudanganya ili nionekane Mkristo mwema.

Mwisho tukarudi nyumbani kwangu. Véro alitua kiti uani akadhani amemaliza. Nikamwambia imebaki nyumba moja, hii. Papa Nadège alikuwa sebuleni, amevua viatu, anasikiliza redio. Nilizima redio. "Mwambie na yeye. Na yeye aliamini."

Véro alisimama mbele ya mdogo wake. Sauti ilikuwa imekauka. "Minye nilisemaka bibi yako anakunywa. Ni bongo."

Mume wangu hakushtuka. Aliinamisha kichwa akasema kwa upole wake ule ule: "Najua, yaya. Nilijuaka tangu mwanzo. Tunalala kitanda moja miaka yote. Ningekosa kusikia harufu?"

Nilitafuta kiti nikakumbuka kiko nje.

"Ulijua," nilisema. "Siku ya kikao, ulijua."

"Ni yaya yangu, Mama Nadège. Ningesema nini?"

Nilimgeukia Véro. Nilimwambia aende nyumbani akapumzike, kesho ana sikukuu ya kuongoza. Alitoka haraka.

Jua lilikuwa bado juu. Nilivipata viatu vya mume wangu chini ya meza, nikaviweka mbele ya miguu yake.

"Vala," nilimwambia. "Na kiti utabeba weye."